Siku Niliyowafuta Waserbia

Kazi iliingia saa tano usiku. Kurasa nane kuhusu historia ya mji mmoja mdogo wa Hungaria, zirudishwe kabla ya saa mbili asubuhi. Mteja alikuwa ameandika vidokezo vyake ovyo ovyo na alitaka mtu wa kuvipanga visomeke. Stima ilikuwepo, bando lilikuwa linatosha, na kodi ya keja ilikuwa imechelewa siku tisa. Nikaichukua.

Wengi wenu mnaijua hii kazi, na wengine mnaifanya. Mtu ng'ambo anaweka oda, mtu Nairobi ama Juja anaandika, na jina linalobaki juu ya karatasi ni la yule wa ng'ambo. Hata akaunti niliyokuwa nikitumia haikuwa yangu. Niliikodi kwa jamaa aliyekuwa ameijenga kwa miaka mitatu, kwa hiyo wateja waliniita kwa jina la Kizungu ambalo si mimi wala yeye aliyewahi kuitwa na mamake.

Kwenye ukurasa wa tatu nikakutana na watu nisiowajua: Rasciani. Walikuwa wamehamia mji huo karne ya 15, wakajenga kanisa, wakafanya biashara mtoni. Kurasa mbili mbele, ghafla, hawapo tena. Sasa kuna Waserbia, na hakuna aliyesema wametoka wapi. Saa kumi kasoro za usiku mtu hupenda kujaza mapengo. Nikaandika kwamba Rasciani walikuwa kabila dogo la Balkan lililotoweka polepole, na nafasi yake ikachukuliwa na Waserbia. Ilisomeka vizuri. Hata niliwaonea huruma kidogo, hao waliotoweka.

Asubuhi mteja alijibu kwa sentensi moja: Rasciani ni Waserbia. Hakulipa.

Nilikasirika kwa sababu ya pesa, nisidanganye. Lakini usiku uliofuata, nikiwa nimelala macho wazi, kilichonisumbua kilikuwa kingine. Kwa sentensi moja nilikuwa nimeua taifa zima, watu ambao wapo mpaka leo, wana nchi, wana timu ya mpira, wana Novak Djokovic. Na niliwaua kwa sababu tu nilikuta jina wasilojiita wenyewe. Nikaanza kusoma. Nilisoma kwa wiki kadhaa bila oda na bila malipo, kitu ambacho sikuwahi kufanya hata nilipokuwa chuoni.

Wao wenyewe wanajiita Srbi. Wamejiita hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Yafuatayo ni majina ambayo wengine waliwaita.

*

Tuanze na lile lililoninyima kodi. Karibu na mji wa Novi Pazar, kusini magharibi mwa Serbia ya leo, kuna mabaki ya ngome ya zamani inayoitwa Ras. Tangu 1979 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na monasteri ya Sopoćani iliyo jirani. Karne ya 12, wakati Stefan Nemanja alipokuwa akiukusanya utawala wa Waserbia mkononi mwake, Ras ilikuwa moyo wa nchi yake, na eneo lote likaitwa Raška. Makarani walioandika Kilatini huko nje wakalichukua jina la ngome wakalivisha nchi nzima: Rascia. Watu wake wakawa Rasciani.

Nchi ilikua, jina likabaki lile lile. Mwana wa Nemanja alivikwa taji la ufalme mwaka 1217. Mmoja wa wazao wake, Stefan Dušan, alivikwa taji la kaisari mjini Skopje mwaka 1346, akitawala mpaka ndani ya Ugiriki. Kwa lugha yake alikuwa kaisari wa Waserbia na Wagiriki. Kwa Kilatini bado alikuwa kaisari wa Rascia, yaani wa ile ngome.

Kabla hatujawacheka, tukumbuke kwamba sisi nchi nzima tunaitwa kwa jina la mlima, na jina hilo Krapf aliliandika mwaka 1849 jinsi alivyolisikia kwa Wakamba. Mgeni huuliza mara moja tu. Jibu la kwanza analopata ndilo analoondoka nalo.

Wahungaria walilikata jina hilo likawa Rác, linalotamkwa "raats" huku ile a ikivutwa. Waosmani walipozidi kupanda kaskazini, Waserbia wengi walivuka mito ya Sava na Danube kukimbilia ardhi ya Hungaria. Waliotoka mji wa Keve, ambao leo ni Kovin nchini Serbia, walifika kisiwa cha Csepel kusini mwa Budapest, na mji wao mpya ukaitwa Ráckeve, Keve ya Warác. Kanisa lao la Kiothodoksi lingali pale.

Wimbi kubwa lilikuja mwaka 1690. Jeshi la Austria lilikuwa limeingia ndani sana ya Balkan mwaka uliotangulia, Wakristo wengi wakajiunga nalo, halafu likashindwa na kurudi nyuma. Waliobaki walijua kitakachofuata. Patriaki Arsenije wa Tatu Čarnojević akaongoza maelfu ya familia kuelekea kaskazini, wengine wakafika mpaka Szentendre, juu ya Budapest. Kaisari Leopold wa Kwanza akawapa hati: wataabudu kwa dini yao, watakuwa na uongozi wao wa kanisa. Kwenye makaratasi ya serikali walikuwa Natio Rasciana, taifa la Rascia, miaka zaidi ya 200 baada ya nchi yao kuangushwa.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba mambo hayakuwa mepesi kama nilivyodhani. Nilitaka hadithi ambapo jina la nje ni dhuluma na jina la ndani ni haki. Lakini haki ya hawa watu ilikuwa imeandikwa kwenye jina la nje. Mkimbizi aliyesimama mbele ya karani wa Vienna akasema mimi ni Srbin hakuwa na karatasi ya kumsaidia. Aliyesema mimi ni Rác alikuwa na hati ya kaisari nyuma yake.

Hii naijua. Jina langu la kuzaliwa halina nyota hata moja. Lile la kukodi lina nyota nne na nusu, na ndilo linalolipa kodi.

Budapest yenyewe ilikuwa na mtaa wao, Tabán, ambao watu waliuita Rácváros, mji wa Warác. Nyumba zake nyingi zilibomolewa miaka ya 1930. Kilichobaki ni bafu za Rác, zile za maji moto ya ardhini, na chakula kinachoitwa rácponty, samaki aliyeokwa na viazi, pilipili hoho na malai chachu. Wahungaria wengi pia wana jina la ukoo Rácz. Neno lenyewe, katikati ya karne ya 19, lilikuwa limeanza kusikika kama dharau, na Wahungaria wakahamia neno szerb. Ndiyo maana kwenye vidokezo vya mteja wangu watu walionekana kama wametoweka. Hakuna aliyehama. Ni karani tu aliyebadilisha neno.

Na mteja naye, kusema kweli, hakuwa sahihi kabisa. Jina Rasciani lilikuwa pana. Kuna makaratasi ya Austria yanayozungumza juu ya Rasciani Wakatoliki, na hao ni watu kama Wabunjevci, Waslavi wa kusini walioabudu kama Wakroatia na ambao wazao wao hawajiiti Waserbia. Jina la nje haliangalii mipaka ya ndani. Linaona kundi la watu kutoka upande fulani, wanaozungumza namna fulani, na hilo linatosha.

*

Jina baya kuliko yote liliandikwa na kaisari.

Katikati ya karne ya 10, Konstantino wa Saba Porphyrogenitus, mtawala wa Bizanti mjini Constantinople, alimwandikia mwanawe kitabu cha siri za utawala: majirani wetu ni akina nani, wana tabia gani, utawashikaje. Alipofika kwa Waserbia alieleza jina lao. Alisema linatokana na neno la Kilatini servi, watumwa, kwa sababu walikuwa watumwa wa mfalme wa Warumi. Akaongeza ushahidi wa viatu. Mjini kwake, viatu duni vya watu wa kazi za chini viliitwa serbula, na waliovivaa walikuwa na jina lao la kuchekwa.

Hakuna mwanaisimu anayekubali maelezo haya leo. Jina Srbi ni la Waslavi wenyewe, na tunajua hivyo kwa sababu linapatikana mahali ambapo kaisari hakuwa na watumwa. Mashariki mwa Ujerumani, eneo la Lusatia, kuna watu wadogo kwa idadi wanaojiita Serbja ama Serby. Kwa karne nyingi Wajerumani waliwaita Wenden. Baadhi yao walipohamia Texas mwaka 1854 walianzisha kijiji wakakiita Serbin. Walivuka bahari nzima wakaliweka jina lao kwenye ramani wenyewe, bila kumwomba mtu.

Lakini maelezo ya uongo yakiandikwa na kaisari hukaa. Mwanafunzi wa historia atayakuta, atayanukuu, na mwingine atamnukuu huyo. Mimi nafanya kazi kwenye hicho kiwanda, najua jinsi mashine inavyozunguka.

Kejeli yake ni kwamba utumwa na Waslavi kweli vinakutana kwenye lugha, ila safari ilikuwa ya kinyume. Wabizanti waliwaita Waslavi Sklavenoi. Waslavi wengi mno waliuzwa kwenye masoko ya Ulaya na ya nchi za Kiislamu, hata jina lao likageuka kuwa jina la hali yao. Ndiyo asili ya neno la Waingereza la mtumwa, slave, na la Wafaransa, esclave. Waarabu walikuwa na saqaliba. Kwa hiyo kaisari alidai kwamba hawa watu walipewa jina kutokana na utumwa, wakati huo huo utumwa ulikuwa njiani kupewa jina kutokana na watu wa aina yao. Sisi wa pwani hii ya dunia tumezoea kusoma kwamba mtumwa ni mtu mwenye sura kama yetu. Neno lenyewe lilitoka kwa watu weupe wa mashariki ya Ulaya.

*

Wasomi wa Bizanti walikuwa na ugonjwa mwingine, ugonjwa wa vitabu. Walitaka kuandika kama Wagiriki wa kale, na Wagiriki wa kale hawakuwahi kuwasikia Waserbia. Suluhisho lao lilikuwa kuchukua majina ya makabila yaliyokufa na kuwavisha majirani walio hai. Waturuki wakawa Waajemi. Wabulgaria wakawa Wamysia. Waserbia wakawa Triballi.

Triballi wa kweli waliishi Balkan zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Alexander Mkuu alipigana nao mwaka 335 kabla ya Kristo. Aristophanes alimweka mungu wao kwenye mchezo wake wa kuchekesha, mungu asiyejua hata kuzungumza Kigiriki kinachoeleweka. Halafu wakamezwa na dola la Roma. Lakini karne ya 15, Laonikos Chalkokondyles akiandika jinsi Constantinople ilivyoanguka na Waosmani walivyopanda, bado anawaita Waserbia Triballi. Anna Komnene, karne tatu kabla yake, aliwaita Wadalmatia, kwa jina la jimbo la zamani la Warumi.

Mimi niliwafuta watu walio hai nikidhani wamekufa. Hawa waliwafufua waliokufa ili wasiandike jina la walio hai. Sijui ni kosa lipi kubwa zaidi, lakini la kwao lilikuwa la makusudi.

Sasa ona kilichotokea. Nembo ya kubuni ya Triballi, kichwa cha nguruwe mwitu kilichochomwa mshale, ilikuwa ikizunguka kwenye vitabu vya nembo vya nchi za Balkan. Mwaka 1741 Hristofor Žefarović alichapisha kitabu chake cha nembo mjini Vienna na Waserbia wakakisoma kwa hamu. Mwaka 1804 walipoasi dhidi ya Waosmani chini ya Karađorđe, kile kichwa cha nguruwe kilionekana kwenye bendera zao. Jina la dhihaka la wasomi wa mjini likageuka kuwa kitu cha kubebwa vitani na wakulima na wauza nguruwe. Karađorđe mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Sidhani kama Chalkokondyles angeamini.

*

Waosmani walikuwa na neno Sırp, lakini wanahistoria wao wa mwanzo walikuwa na jina jingine pia: Laz. Nchi ya Waserbia iliitwa nchi ya Laz. Aliyewapa jina hilo ni mtu mmoja, Knez Lazar, aliyeuawa kwenye vita vya Kosovo mwaka 1389, siku ambayo Sultani Murad wa Kwanza naye alikufa. Mwanawe Stefan Lazarević akaitwa Laz-oğlu, mwana wa Laz. Aliyemfuata, Đurađ Branković, mwana wa Vuk, akaitwa Vılk-oğlu.

Napenda mantiki ya jina hili. Sultani hakuhitaji kujua watu wanazungumza lugha gani. Alihitaji kujua ni nani anayelipa kodi na ni mwana wa nani. Nchi ni mtu aliyeshindwa, na warithi wake ni wana wa aliyeshindwa. Tatizo ni kwamba kuna Walaz wengine kabisa, watu wa pwani ya Bahari Nyeusi, wasio na uhusiano wowote na Lazar. Mwandishi wa saa kumi kasoro usiku angeweza kwa urahisi kuihamishia Serbia mpakani mwa Georgia. Nashukuru oda hiyo haikunifikia mimi.

Kisha kuna Vlah. Hili lina historia ndefu. Chimbuko lake ni neno la Kijerumani cha kale lililomaanisha mgeni, hasa mgeni anayezungumza lugha ya jamaa wa Kilatini. Jina Wales linatoka huko huko. Kwenye Balkan liliwashika wachungaji wa milimani waliozungumza lugha kama Kiromania, halafu polepole likawa jina la kazi na hadhi: mtu wa kondoo, mtu asiye mkulima. Hati za wafalme wa Serbia wenyewe zilitofautisha kati ya Mserbia na Mvlahi. Lakini chini ya Waosmani na Waaustria, Mserbia wa Kiothodoksi aliyehamia mpakani na kondoo wake na bunduki yake akawa Vlah mbele ya sheria. Mwaka 1630 Kaisari Ferdinand wa Pili alitoa hati ya Wavlahi, iliyowapa walinzi wa mpaka ardhi na uhuru badala ya kumtumikia bwana shamba. Waserbia wengi wa Kroatia ni wazao wa watu hao. Leo ukimwita mmoja wao Vlah pale kijijini, jiandae kukimbia.

Venice nayo, iliyotawala pwani ya Dalmatia, iliwaita watu wa milima iliyo nyuma ya pwani Morlacchi, Waserbia na Wakroatia kwa pamoja. Mwaka 1774 padre Alberto Fortis alichapisha safari yake huko, na Ulaya ikasisimka kwa hadithi za hawa watu wa porini wenye nyimbo ndefu. Vienna ilipotaka jina la heshima zaidi ikarudi tena kabatini mwa Warumi, ikatoa Illyrian. Kati ya 1747 na 1777 kulikuwa na ofisi nzima mjini Vienna ya kushughulikia mambo ya taifa hilo la Illyria, na taifa lenyewe kwa sehemu kubwa lilikuwa Waserbia wa Kiothodoksi.

Kwa hiyo mzee mmoja, bila kuhama kitanda chake, angeweza kuwa Rác kwa jirani, Illyrian kwa waziri, Vlah kwa askari, na Mgiriki sokoni, kwa sababu Hungaria ilimwita Mgiriki karibu kila mfanyabiashara wa Kiothodoksi. Usiku nyumbani, akiita watoto wale, alikuwa Srbin.

Nilipofika hapo nikampigia kukhu simu. Najua kwamba ndani ya Biblia yake kuna kipande cha babake, ile karatasi ambayo wanaume walilazimishwa kubeba shingoni ndani ya kikopo cha bati enzi za mkoloni. Nilishaiona nikiwa mtoto. Nikamuuliza pale kwenye kabila wameandika nini. Akaomba muda avae miwani.

"Kavirondo," akasoma.

"Na nyinyi mlijiita hivyo?"

"Sisi nani? Hilo ni jina la kulipa kodi," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Serikali iliwaweka Waluhya na Waluo wote kwenye kapu hilo moja, ikawagawa tu kwa lugha. Jina Abaluyia lenyewe lilianza kushika miaka ya 1930 na 1940, watu wa koo nyingi walipoamua kulichukua. Na sisi tunaosoma haya kwa Kiswahili tusijifanye tuko nje: Swahili ni neno la Kiarabu la pwani, lililosemwa kwanza na mtu aliyekuwa kwenye jahazi, akitazama nchi kavu.

*

Jina la mwisho lilibadilika karibu na sisi kuliko unavyodhani.

Mpaka mwanzo wa karne ya 20, vitabu na magazeti ya Kiingereza yaliandika Servia, kwa v. Sababu ni ya kimatamshi: Wagiriki wa Bizanti waliandika jina hilo kwa herufi yao ya beta, ambayo kwao ilikuwa imeshakuwa v. Lakini msomaji wa London alipoona Servia, alisikia servant, mtumishi. Yule kaisari wa karne ya 10 na viatu vyake alikuwa bado anacheka kwenye gazeti la asubuhi.

Tarehe 28 Julai 1914 Austria ikatangaza vita dhidi ya Serbia. Mitaani Vienna watu waliimba kwamba Serbia lazima ife, wakalipinda neno lao la kufa ili lifanane na jina la nchi. Waingereza nao wakajikuta upande wa Waserbia, na ghafla ile v ikawa aibu. Huwezi kumwita rafiki yako vitani kwa jina linalonuka utumwa. Ndani ya muda mfupi Servia ikawa Serbia. Herufi moja tu, na ilihitaji vita vya dunia kubadilika.

Vita hivyo hivyo vilifika kwetu. Waingereza na Wajerumani walipopigana Afrika Mashariki waliwakamata mamia ya maelfu ya wanaume kubeba mizigo yao, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalifanya Kariokor, na Dar es Salaam likawa Kariakoo. Leo ni mahali pa kushukia matatu na kula nyama choma. Kwenye barabara ya Kenyatta kuna sanamu ya askari na wabebaji, na chini yake maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayoahidi kwamba majina yao yatakumbukwa. Nilienda kuisoma mchana mmoja nikiwa na njaa. Nilizunguka pande zote. Hakuna jina hata moja.

*

Kwenye mfumo wa chuo nilichoacha mwaka wa pili, jina langu lina neno pembeni linalomaanisha nimekatizwa. Jirani zangu husema mimi ni wa kompyuta. Mamangu huwaambia watu wa kanisani kwamba nimepumzika kidogo. Yote ni kweli kwa namna yake, kama vile Rác ilivyokuwa kweli. Kila moja linaonyesha aliyelisema alisimama wapi.

Nilichojifunza kwa Waserbia si kwamba majina ya nje ni ya kutupwa. Mengine yalibeba hati za uhuru, mengine yaliishia kwenye bendera, moja liko kwenye sahani ya samaki. Nilichojifunza ni kwamba mwandishi akikutana na jina asilolijua, kazi yake ya kwanza ni kuuliza ni nani aliyelisema, kabla ya kutangaza msiba.

Ile oda niliirekebisha hata hivyo. Nilifuta kabila langu lililotoweka, nikaweka sentensi mbili mahali pake: Rasciani ni jina ambalo Wahungaria waliwaita Waserbia, na wakati mwingine majirani zao pia. Waliokuwa wakiitwa hivyo hawakwenda popote. Nikaituma kupitia ile akaunti ya kukodi, na jina la Kizungu chini yake.

Mteja hakujibu. Hii hapa nimeiandika kwa jina langu.